Istilahi za Seva ya Mchezo: Kontena, Kiolezo, Ghala na Kipachiko

1. Utangulizi

Makala haya yana shabaha mbili. Shabaha ya kwanza ni kueleza kwa Kiswahili jinsi mtu anavyoweza kuongeza vipande vipya vya programu katika seva ya mchezo wa kompyuta inayoendeshwa ndani ya kontena. Shabaha ya pili ni kuyapima maneno yanayohitajika katika maelezo hayo na kupendekeza yale yanayofaa. Shabaha hizi mbili hazitenganishiki. Mtu hawezi kuipima istilahi bila ya kukijua kitu chenyewe, na fundi anayekijua kitu hawezi kumfundisha mwenzake ikiwa maneno yake yanagongana.

Huenda msomaji akauliza kwa nini kurasa za istilahi zishughulike na michezo, hali zipo istilahi za sheria, uganga na kilimo ambazo bado zinasubiri. Jawabu ni kwamba maneno tutakayoyajadili si ya mchezo peke yake. Kontena, kiolezo na ghala ni vitu vile vile anavyovishughulikia fundi anayeendesha mfumo wa mishahara, kumbukumbu za wagonjwa au matokeo ya mitihani. Tofauti ni kuwa katika mchezo kosa la tafsiri huonekana upesi na hasara yake hustahimilika. Ni afadhali tujifunze kosa hilo kwa kijiji cha mchezo kuliko kwa orodha ya wastaafu.

2. Mfano wetu

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa historia katika kata ya Mollo, Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, ana kompyuta chache zilizounganishwa kwa waya katika chumba kimoja. Intaneti anayo ya kubahatisha. Anataka wanafunzi wake wajenge ndani ya mchezo mfano wa kijiji cha Kifipa cha zamani: nyumba, mashamba ya matuta, na zaidi ya yote ilungu, yaani lile tanuri refu la udongo ambalo wahunzi wa Ufipa walilitumia kuyeyushia mawe ya chuma hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Malungu hayo yalifikia kimo cha mita 3 hivi, na yalivuta upepo yenyewe bila ya mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kina takataka. Kilipelekwa katika tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambalo lilipulizwa kwa mivukuto, kikasafishwa humo kabla ya kufuliwa jembe au shoka.

Mchezo anaoutumia mwalimu wetu huendeshwa na programu iitwayo Luanti. Programu hii ilianzishwa na Perttu Ahola wa Ufini mwaka 2010 kwa jina la Minetest, na ilibadilishwa jina mwaka 2024. Ni programu huria: haiuzwi, na kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Mchezaji huingia katika ulimwengu uliofanywa kwa vitofali vya udongo, mawe, miti na maji, akavibomoa na kuvipanga atakavyo. Wachezaji wengi hukutana katika ulimwengu mmoja kwa njia ya seva.

Katika vitofali vinavyokuja na mchezo hakuna ilungu. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuliongeza. Hapo ndipo yanapoanza mambo yetu.

3. Seva na mwenyeji

Watafsiri wa mwanzo wanapokutana na neno hili hushawishika kuandika "mtumishi". Tafsiri hiyo haina kosa la kamusi, lakini ina kosa la matumizi. Katika nchi yenye watumishi wa umma, sentensi isemayo "mtumishi amesimama na haitikii" itamfikisha mtu mbele ya kamati ya nidhamu. Neno "seva" limekwisha kuenea, linatamkika kwa silabi za Kiswahili, na halina maana nyingine ya kugongana nayo. Hakuna haja ya kulibadilisha.

Lakini neno hili lina udhaifu mmoja. Watu hulitumia kwa mambo mawili: programu inayohudumia wachezaji, na kompyuta yenyewe ambamo programu hiyo hukaa. Mwandishi wa maelekezo akisema "zima seva", msomaji mmoja atafunga programu na mwingine atang'oa waya wa umeme. Inapendekezwa basi kwamba "seva" litumike kwa programu tu, na kompyuta inayoibeba iitwe "kompyuta mwenyeji", au kwa ufupi "mwenyeji". Mgeni huja na kuondoka; mwenyeji hubaki na nyumba yake. Uhusiano huo ndio hasa ulio baina ya seva na kompyuta.

4. Kontena

Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston, ikiwa imebeba masanduku 58 ya chuma. Mpango huo ulikuwa wa mfanya biashara Malcom McLean. Jambo jipya halikuwa sanduku, kwani masanduku ni ya kale. Jambo jipya lilikuwa kwamba mzigo haukupakuliwa na kupakiwa upya kila ulipobadilisha chombo. Sanduku zima lilihamishwa kutoka gari hadi meli na kutoka meli hadi gari, na mchukuzi hakuwa na haja ya kujua kilichomo. Leo mkazi wa Sumbawanga huyaona makontena ya namna hiyo yakiwa yametoka bandari ya Dar es Salaam kwa njia ya Tunduma, na mengine yamekwisha kugeuzwa maduka kando ya barabara.

Wataalamu wa kompyuta waliazima wazo hilo hilo. Kontena lao ni namna ya kuiendesha programu ikiwa imetengwa na programu nyingine za mwenyeji. Programu iliyomo ndani huona mafaili yake tu, hutumia maktaba za programu ilizokuja nazo, na haijui kama jirani yake yupo. Lakini haina mfumo wake kamili wa uendeshaji; hutumia kiini cha mfumo wa mwenyeji. Kwa sababu hiyo kontena ni jepesi, na huanzishwa kwa nukta chache. Programu iliyoyafanya makontena haya yaenee ni Docker, iliyotolewa kwa umma mwaka 2013.

Faida yake kwa mwalimu wa Mollo ni dhahiri. Hana haja ya kutafuta sehemu moja moja ambazo seva inazihitaji na kuzipatanisha na kompyuta yake. Zote zimo ndani. Seva ikifanya kazi Dar es Salaam, hapana shaka kubwa kwamba itafanya kazi Mollo.

Je, tuseme "kontena" au "kasha"? Kasha ni neno zuri la pwani, na limetumiwa pia kwa makontena ya melini. Hata hivyo "kontena" ndilo linalojulikana sokoni, bandarini na ofisini, nalo limeingia katika ngeli ya li-/ya- bila ya taabu: kontena hili, makontena haya. Tulitumie.

5. Kiolezo

Hapa ndipo watafsiri wengi wanapoteleza. Kontena halitoki hewani. Hufanywa kutokana na faili kubwa lililofungwa, ambalo lina programu na mahitaji yake yote. Faili hilo halibadiliki. Kutokana na faili moja mtu anaweza kufanya makontena mawili au mia, na kila moja likaishi maisha yake.

Neno la Kiingereza linalotumiwa kwa faili hilo ni lile lile litumiwalo kwa picha. Kwa hiyo zimezuka tafsiri za "picha" na "taswira". Zote mbili zinapotosha. Mtu akiambiwa "pakua picha ya seva" atatarajia kuona picha. Nalo neno "taswira" lina kazi yake katika ufundishaji wa fasihi, wala faili letu halichori kitu akilini mwa mtu.

Maana inayotakiwa ni ile ya kalibu ya matofali. Fundi ana kalibu moja. Hutia udongo, akatoa tofali. Akatia tena, akatoa jingine. Tofali likivunjika, kalibu ipo. Mtoto akichora jina lake juu ya tofali bichi, jina hilo haliingii katika kalibu, na tofali linalofuata halitakuwa nalo. Msomaji akiushika mfano huu amekwisha kushika nusu ya elimu ya makontena.

Kwa nini basi tusiseme "kalibu"? Kwa maana neno linafaa kabisa. Kwa matamshi lina hatari. Lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi /l/ na /r/, na mwalimu atakayesema "anza na kalibu" darasani huenda akaandikiwa "anza na karibu". Istilahi isiyoweza kusikika vyema kwa mwanafunzi wa bara ina kasoro hata ikiwa ni fasaha. Tunapendekeza "kiolezo", yaani kitu kinachofuatwa katika kufanyiza vingine. Neno hilo limekwisha kutumiwa katika programu za uandishi kwa waraka usiobadilika ambao nakala hutolewa kwake, na maana hizo mbili ni ndugu.

6. Ghala, na vitenzi vinne

Wanafunzi wa Mollo wakijenga nyumba, nyumba hiyo huandikwa wapi? Kama hakuna mpango wowote uliofanywa, huandikwa ndani ya kontena lenyewe. Kontena likisimamishwa na kuanzishwa tena, nyumba itakuwapo. Kontena likifutwa, nyumba imekwenda, na kiolezo hakina habari nayo.

Tena kulifuta kontena si ajali. Ni jambo la kawaida katika kazi hii. Toleo jipya la seva likitoka, mtu hachokonoi kontena la zamani. Hulifuta, akafanya jipya kutoka katika kiolezo kipya. Kwa hiyo mali ya kudumu lazima iwekwe nje ya kontena, katika sehemu ya diski ya mwenyeji ambayo kontena limeonyeshwa na kuruhusiwa kuitumia.

Neno la Kiingereza la sehemu hiyo lina maana nyingi, na kila moja ina Kiswahili chake: kitabu cha mfululizo ni juzuu, nafasi ya ndani ya chombo ni ujazo, nguvu ya mlio ni sauti. Mtafsiri anayefungua kamusi na kuchukua neno la kwanza ataandika "unganisha juzuu na kontena", na fundi hatajua afanye nini. Linalofaa ni "ghala". Mkulima wa Ufipa haweki mahindi ya mwaka mzima ndani ya jiko. Jiko likiungua, ghala lipo, na jiko jingine litajengwa.

Sasa tutazame vitenzi, maana istilahi si majina tu. Tuseme karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani inasema: "Seva ikikwama, ondoa kontena kisha anzisha upya." Mwandishi alikusudia kusimamisha. Jioni moja mwalimu hayupo, na mwanafunzi mwaminifu anaifuata karatasi.

"Mwalimu, nimeondoa kontena kama ilivyoandikwa, nikaanzisha jipya. Limekubali."

"Vizuri. Na kijiji?"

"Kijiji hakipo, mwalimu. Kuna pori tu."

Kazi ya mihula miwili imepotea, na aliyeipoteza hakukosa utii. Kosa ni la neno "ondoa", ambalo lilibeba maana mbili. Inapendekezwa vitenzi vinne vitumike bila ya kuchanganywa: "kuunda" kontena kutoka katika kiolezo, "kuanzisha" kontena lililokwisha undwa, "kusimamisha" kontena bila ya kuliharibu, na "kufuta" kontena lisiwepo tena. Maneno "kuondoa", "kutoa", "kuzima" na "kufunga" yaachwe nje ya maelekezo ya namna hii.

7. Mlango

Wachezaji huifikia seva kwa njia ya namba. Kompyuta moja ina anwani moja, lakini programu nyingi huweza kungoja wageni katika anwani hiyo, kila moja kwa namba yake. Seva ya Luanti, isipobadilishwa, hungoja katika namba 30000. Kwa kuwa kontena limetengwa, mwenyeji hana budi kuambiwa kwamba anayegonga namba hiyo kwake apelekwe kwenye namba hiyo ndani ya kontena.

Zipo tafsiri zinazoiita namba hiyo "bandari". Msomaji atakayekuta "fungua bandari ya kontena" atadhani anasoma habari za forodha. Kitu kinachoelezwa si mahali pa meli kutia nanga bali ni mahali pa kuingilia nyumba. Tuseme "mlango": mlango namba 30000.

8. Kipachiko

Tumefika kwenye neno gumu kuliko yote. Kipande cha programu kinachoongezwa katika mchezo ili uwe na vitu au kanuni ambazo haukuwa nazo kiitweje? Wazungumzaji wa Kiingereza walilikata neno lao lenye maana ya badiliko, likabaki silabi moja. Tukilitohoa tutapata "modi", ambalo limekwisha kutumiwa kwa hali ya utendaji wa chombo. Maneno mawili ya kiufundi yenye umbo moja katika uwanja mmoja ni mtego.

Tuyapime maneno yaliyopo. "Nyongeza" linaeleweka, lakini halitofautishi umoja na wingi, na mtumishi wa serikali akiliona atafikiri habari ya mshahara. "Kirekebisho" hudokeza kuwa kitu kilikuwa na kosa. Ilungu halirekebishi kosa la mchezo, linaongeza kisichokuwapo. "Kiraka" huziba tundu, na linafaa kwa programu inayoziba kasoro. "Kipandikizi" lingefaa kwa maana, lakini zahanati zimekwisha kulichukua kwa uzazi wa mpango. "Kiambishi" ni mali ya wanasarufi, ingawa mfano wake ni mzuri: hushikamana na mzizi, hubadili maana, na mzizi wenyewe hubaki.

Tunapendekeza "kipachiko", kutokana na kitenzi "pachika", kwa kanuni ile ile iliyotupa kifuniko kutokana na funika na kizibo kutokana na ziba. Kilichopachikwa huonekana kuwa ni kitu cha nje. Kinashika mahali pake. Na kinaweza kuchomolewa. Sifa zote tatu zimo katika kitu chenyewe. Wingi wake ni "vipachiko".

Lipo neno jingine linaloandamana na hili. Kipachiko kimoja aghalabu huhitaji kingine kiwepo kwanza. Kile kinachohitajiwa huitwa na baadhi ya waandishi "tegemezi". Hapa maana imepinduliwa. Kila mfanyakazi aliyejaza fomu anajua kuwa mtegemezi ni yule anayetegemea, si yule anayetegemewa. Kinachotegemewa ni "tegemeo". Kosa hili si la urembo: msomaji atakayeambiwa "weka kwanza kipachiko, halafu tegemezi zake" na yule atakayeambiwa "weka kwanza mategemeo" watafanya kazi kwa mpangilio tofauti, na mmoja wao hatafanikiwa.

9. Utaratibu wa kuongeza kipachiko

Kwa istilahi hizo sasa tunaweza kueleza kazi yenyewe kwa maneno machache. Mwalimu wetu ameandika kipachiko kinachoongeza ilungu, akakiita "tanuri". Luanti hutaka jina la kipachiko liwe na herufi ndogo za a hadi z, tarakimu na kistari cha chini tu. Kiswahili hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo majina yetu mengi huingia bila ya kukatwakatwa.

Kipachiko ni folda yenye mafaili. Mawili kati yake ni ya lazima kwa kazi hii. La kwanza, mod.conf, hutaja jina la kipachiko na mategemeo yake. La pili, init.lua, lina maagizo yenyewe, yaliyoandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Lua, ambayo ilibuniwa Brazil mwaka 1993, na jina lake kwa Kireno ni "mwezi".

Hatua ni hizi:

(a) Simamisha kontena, kisha fanya nakala ya ghala zima na kuiweka katika diski nyingine. Ulimwengu wa mchezo umo ghalani. Kiolezo hakiwezi kuurudisha.

(b) Tia folda ya "tanuri" ndani ya folda iitwayo mods iliyomo ghalani. Usiitie ndani ya kontena lenyewe, kwani itapotea siku kontena litakapofutwa.

(c) Soma mod.conf na uhakikishe kwamba kila tegemeo lililotajwa lipo. Kwa mfano, anayetumia mchezo wa Minetest Game huweza kuazima vitofali vya udongo na mawe kutoka katika kipachiko cha mchezo huo kiitwacho default. Hicho basi ni tegemeo la "tanuri".

(d) Fungua faili liitwalo world.mt katika folda ya ulimwengu, uandike mstari usemao load_mod_tanuri = true. Kipachiko kilichowekwa folda bila ya kuruhusiwa hapa ni kama barua isiyotiwa sahihi.

(e) Hakikisha kuwa mtumiaji anayeiendesha seva ndani ya kontena ana ruhusa ya kuyasoma mafaili hayo. Mara nyingi mtumiaji huyo si yule aliyeyanakili mafaili, naye hunyimwa ruhusa kimya kimya.

(f) Anzisha kontena, kisha soma daftari la matukio. Tegemeo likikosekana, seva itaandika lalamiko humo. Maagizo ya Lua yakiwa na kosa, seva itasimama na kutaja faili na mstari wenye kosa. Fundi mzuri husoma daftari kabla ya kubahatisha.

Kipachiko kikichomolewa baadaye, vitofali vyake havifutiki ulimwenguni. Huonekana kama vitofali visivyojulikana, na kipachiko kikirudishwa hurudia sura yao. Hili nalo wanafunzi waambiwe mapema, wasije wakabomoa kwa hofu kitu ambacho hakijaharibika.

Yafaa pia kueleza kwa nini mwalimu alichagua mchezo huu. Katika Luanti maagizo ya kipachiko hutendeka kwenye seva, na kompyuta ya mchezaji hupelekewa picha na maelezo ya vitofali inapoingia. Kwa hiyo kazi hufanywa mahali pamoja. Katika Minecraft ya Java vipachiko huhitaji kipakizi kama Forge au Fabric, na vile vinavyoongeza vitofali vipya sharti viwekwe kwenye seva na katika kompyuta ya kila mchezaji pia, vyote vikiwa vya toleo linalolingana. Katika chumba chenye kompyuta kuukuu na mwalimu mmoja, tofauti hiyo si ndogo.

10. Njia ya kintengwe

Ipo njia ya pili. Badala ya kukiweka kipachiko ghalani, mwalimu anaweza kukichukua kiolezo cha asili, akaongeza kipachiko juu yake, akapata kiolezo kipya. Kiolezo cha asili hakiguswi. Hivyo ndivyo walivyofanya wahunzi wa Ufipa: kilichotoka katika ilungu kilikwenda katika kintengwe, kikatoka kikiwa tayari kwa kazi, na ilungu lilibaki lilivyokuwa.

Njia ya ghala hufaa wakati wa majaribio, kwa kuwa kipachiko hubadilishwa kila siku. Njia ya kiolezo kipya hufaa kazi inapokamilika, na hasa inapotakiwa kupelekwa shule nyingine. Kiolezo huweza kuhifadhiwa kuwa faili moja, likatiwa katika flashi, likasafiri kwa basi hadi mahali pasipo na intaneti, na huko likatoa kontena lile lile. Lakini hata hapo ulimwengu wenyewe, yaani kijiji kilichojengwa, hukaa ghalani. Kiolezo hubeba uwezo wa kujenga ilungu. Hakibebi malungu yaliyokwisha jengwa.

11. Yale yasiyotafsiriwa

Mtafsiri mwenye bidii huenda akataka kuiita folda ya mods "vipachiko", na faili la world.mt "ulimwengu.mt". Asifanye hivyo. Seva hulitafuta jina lile alilolipanga mtunzi wa programu, herufi kwa herufi; ikikosa, haiulizi. Kanuni ni rahisi: neno linalosomwa na mashine liachwe lilivyo, neno linalosomwa na mtu litafsiriwe. Jina la folda husomwa na mashine. Maelezo yanayotokea kwenye kioo mwanafunzi anapoligusa ilungu husomwa na mtu, na Luanti imeyatengea mahali pake: kila kipachiko huweza kuwa na folda ya tafsiri, na faili la Kiswahili hutambulikana kwa alama sw. Hapo ndipo nguvu za mtafsiri zielekezwe.

12. Orodha ya istilahi

Seva: programu inayowahudumia watumiaji wengi kwa pamoja.
Mwenyeji: kompyuta inayobeba seva au makontena.
Kontena: hali ya kutengwa ambamo programu huendeshwa pamoja na mahitaji yake.
Kiolezo: faili lisilobadilika ambalo makontena huundwa kwalo.
Ghala: sehemu ya diski iliyo nje ya kontena, ya kuwekea mali ya kudumu.
Mlango: namba ambayo seva hungojea wageni.
Kipachiko: kipande cha programu kinachoongezwa katika mchezo bila ya kuubadili mchezo wenyewe.
Tegemeo: kile ambacho kipachiko hukihitaji kiwepo kwanza.
Daftari la matukio: faili ambamo seva huandika inayoyatenda na yanayoisibu.
Kuunda, kuanzisha, kusimamisha, kufuta: vitendo vinne vya kontena, kila kimoja kwa maana yake.

13. Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu siku hizo utaratibu wa kutafuta istilahi umekuwa ni kuanza na Kiswahili chenyewe, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Ndiyo maana tuna "ngeli" kutoka Kihaya na "kitivo" kutoka lugha za Upare na Usambara. Katika orodha yetu maneno mawili tu, seva na kontena, yametoholewa kutoka Kiingereza. Mengine yamekuwa yakitumiwa na Waswahili shambani, nyumbani na ofisini, au yamenyambuliwa kutokana na vitenzi vyao. Kilichohitajika ni kuyapa mipaka.

Mapendekezo haya ni ya mwandishi, nayo yanangoja kupimwa. Neno moja hasa tunaliweka mbele ya wasomaji: je, hofu yetu juu ya "kalibu" ina msingi? Walimu wa Rukwa na mikoa mingine ambao husikia kila siku jinsi wanafunzi wao wanavyotamka /l/ na /r/ wanaweza kulijibu swali hilo vizuri kuliko sisi tulio mezani. Wakati jawabu linangojewa, mwenye karatasi ya maelekezo ukutani aitazame leo, na akikuta neno "ondoa", alikate kwa kalamu na kuandika lile alilolikusudia.